Minyaa ya Katikati ya Uwanja

Anselmo alikuwa na miaka ishirini alipopata kibarua cha kuvuta rola kwenye uwanja wa kriketi, huku juu ukishapita Gongo la Mboto, njia ya kwenda Pugu. Ametoka Masasi, darasani hajakaa hata siku moja, na mchezo wenyewe haujui. Siku hizo walikuwa wakicheza makarani wa reli, Wahindi na Wagoa, kila Jumapili, nguo nyeupe pe. Walipoondoka mmoja mmoja, vijana wa mtaani waliokuwa wakiwaokotea mipira wakashika magongo wenyewe. Timu ikaendelea. Anselmo naye akaendelea.

Kazi yake kubwa ilikuwa pichi, kile kipande chembamba cha katikati ambapo mpira unadundia. Alikitengeneza kwa udongo wa kichuguu. Unapondwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, unashindiliwa kwa rola mpaka unang'aa kama sakafu. Aliyekuwa akichekecha ni mkewe, Sesilia.

"Wenzangu wanachekecha unga," alikuwaga akisema. "Mie nimeolewa nichekeche kichuguu."

Akachekecha miaka arobaini na kitu.

Sesilia alifika darasa la saba. Karatasi yoyote ikiingia nyumbani, yeye ndiye anaisoma, kwa sauti, halafu ndipo Anselmo anaweka dole.

Alipoanza kuugua, Anselmo hakupata tena nafasi ya kushinda uwanjani akifukuza mbuzi za watu. Timu nayo ilikuwa imepungua, mechi zimesimama. Akaona pichi aizungushie wigo wa minyaa, mambo yakitulia atang'oa. Didas akaja kumsaidia. Huyu Didas alikuwa kapteni wa mwisho wa timu, rafiki yake wa miaka thelathini, mtu aliyekula ubwabwa wa Sesilia kila baada ya mechi. Siku hiyo Didas alishika kamba upande huu, Anselmo upande ule. Sesilia amekaa kwenye mkeka, shuka mabegani, anawaambia ilipopinda.

"Wigo katikati ya uwanja," alisema. "Mtu akipita hapa atajua mmerukwa na akili."

"Wa muda tu, shemeji," Didas akamjibu. "Mbuzi wakome."

Sesilia hakupona. Walimzika Pugu.

Haukuisha mwezi, Didas akaja na mabwana wawili wenye mafaili. Alisema wanaandika historia ya uwanja, usije ukachukuliwa na mtu. Tangu msiba, Anselmo alikuwa hajazungumza zaidi ya salamu. Siku hiyo alizungumza. Aliwaeleza habari za makarani wa reli, rola, kichuguu, mechi gani mvua iliharibu. Bwana mmoja akauliza, "Na ile minyaa nani kapanda?"

"Mie."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Wakaandika. Didas akamsomea karatasi polepole, na maneno yalikuwa yake kweli. Anselmo akaweka dole. Wakamwachia nakala.

Wiki ya tatu alikuta bikoni za wapima ardhi zimechomekwa kuizunguka minyaa, na fundi anachimba msingi pale anaposimamaga mdakaji wa mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unachimba nini uwanjani?"

"Uwanja si huo wa ndani ya minyaa, mzee? Hapa ni viwanja vya watu. Tumeambiwa umeonyesha mpaka mwenyewe."

Watu wa huku wakiona minyaa wameona mpaka. Anselmo alilijua hilo maisha yake yote, ila siku ya kupanda alikuwa anawaza mbuzi na mgonjwa.

Alipeleka nakala kwa mwalimu Atuganile, jirani yake. Mwalimu akasoma. Karibu na mwisho akafika hapa: "Mpaka wa uwanja ni wigo wa minyaa nilioupanda mimi mwenyewe."

"Rudia hapo, mwalimu."

Akarudia. Maneno hayo Didas hakuyasoma.

Anselmo alimkuta Didas barazani kwake, anakunywa chai.

"Karibu chai, kaka."

"Ule mstari wa minyaa uliuruka."

Didas akaweka kikombe chini. "Kaka, pale hachezi mtu. Na mimi wamenikatia kipande. Nina watoto."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeweka dole?"

"Nisingeweka."

"Sasa je."

Anselmo akasema, "Sesilia angeusoma."

"Ndiyo," Didas alisema, hamtazami. "Angeusoma."

Hapo ndipo Anselmo alipoelewa kwa nini wale mabwana hawakuja mwaka jana, Sesilia akiwa hai. Aliondoka bila kuaga.

Asubuhi yake mwalimu Atuganile alimsindikiza ofisi ya mtaa. Karani aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, apatikane shahidi. Mtu aliyekuwepo mnapanda, aseme wigo ule ulikuwa wa kuzuia mbuzi. Bila hivyo karatasi hii inasimama kama ilivyo."

"Walikuwepo wawili. Mke wangu na Didas."

"Mama tumemzika, pole. Na Didas si ndiye aliyeleta hawa watu?"

"Ndiye."

"Sasa nimwandike nani?"



"Mwandike Didas," Anselmo alisema.

"Na akija akadanganya?"

"Adanganye. Ila aniangalie usoni akisema."

Karani akashika kalamu, akauliza jina la baba yake Didas. Anselmo alikuwa analijua. Akalitaja.