Kaseti ya Karungu

Barua iliyonitoa Nakuru ilikuwa ya nusu ukurasa, tena kwa mwandiko wa mtu mwingine, maana aliyeituma hajui kuandika. Ilitoka kisiwa cha Takawiri, kwa mama yake Okelo. "Fundi," ilisema, "nimeanza kusahau sauti ya mtoto wangu. Uso ninao kwenye picha. Sauti sina. Niletee ile kaseti ya Karungu."

Kwa msomaji ambaye hakumjua Okelo, nieleze kidogo. Alikuwa kijana aliyezichukua nyimbo za nyatiti, kile kinanda cha nyuzi nane, za wazee wa kwao akazitia gitaa la umeme na ngoma za roki, akaimba kwa Kijaluo na Kiswahili habari za watu wa kawaida: fundi baiskeli, mwanamke aliyegoma kuhama shamba lake, kuku aliyepotea ndani ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hukuweza kupita nyuma ya soko letu bila kumsikia. Mimi Mwakio, Mtaita wa Wundanyi, ndiye niliyekuwa fundi wa amplifaya zake. Malaria ilimchukua akiwa bado kijana wa ishirini na kitu. Siku ya maziko mimi mwenyewe nilikuwa nimelazwa na homa ya matumbo, kwa hiyo hata udongo sikumtupia. Jambo hilo lilinikaa moyoni miaka miwili.

Kaseti yenyewe Okelo aliirekodi kwenye onyesho moja pale ufukweni Karungu, akaniachia niisafishe. Ilikuwa na wimbo mmoja mrefu, mtamu kuliko zote, na katikati ya wimbo huo jamaa mmoja aliisimamisha bendi akaanza kujisifu. Akajisifu, akapumzika, akajisifu tena. Watu wakashangilia, Okelo naye akajibu kwa Kijaluo, ndipo gitaa likaendelea. Kijaluo changu ni cha salamu na cha kuagiza samaki, kwa hiyo masikioni mwangu hizo zilikuwa dakika nne za porojo. Baada ya kusoma barua niliketi na redio yangu ya kaseti mbili, nikahamisha wimbo kwenye kaseti mpya bila zile porojo, nikaunganisha gitaa na gitaa hata mwenyewe nikashindwa kuona mshono. Nilijivunia sana kazi hiyo. Na kwa kuwa mimi ni bahili wa kaseti, ile ya zamani nikairekodia kwaya ya kanisa letu.

Alhamisi asubuhi niliondoka na basi la Homa Bay linalopitia Kisii, redio nimeipakata kama mtoto. Ilikuwa Agosti, na kuanzia Kericho mpaka Kisii kila kitu kilikuwa kibichi. Alasiri tuliteremka Homa Bay. Ziwa lilijitokeza ghafla upande wa kushoto wa mlima Asego, na upepo ukaleta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa. Mama mwenye nyumba ya wageni aliiona redio akauliza kama ninauza. Nilipomwambia ninapeleka sauti ya Okelo kwa mama yake, alinitengea chumba chenye dirisha la kuangalia maji.

"Ile wimbo ya kuku, sisi hucheza mpaka leo," aliniambia. "Salimia mama yake sana."

Ijumaa nilifika Mbita mapema nikapanda boti ya injini kwenda Takawiri. Kitu cha kwanza nilichokiona kisiwani ni minazi. Mimi niliyekulia njia ya kwenda Mombasa nilidhani minazi tumeachiwa sisi peke yetu, kumbe mingine ilikuja kukaa huku bila kutuaga. Nilicheka peke yangu, na abiria wakaniangalia.

Mama Okelo nilimkuta akigeuza omena kwenye wavu uliotandazwa juani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka. Pale kisiwani wanamwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa kabla ya kuolewa. Alinishika mikono yote miwili, akanipeleka kwanza kaburini, nyuma ya nyumba ndogo iliyokuwa ya mwanawe. Niliokota konzi ya udongo nikaiweka. Nikamwambia Okelo nimechelewa, anisamehe.

"Amesikia," mama akasema. "Sasa kuja ukule."

Baada ya chakula niliweka betri mpya, nikabonyeza. Sauti ya Okelo ikajaa chumba. Mama alifumba macho, mikono juu ya magoti, akatabasamu, na mimi nikajiona mtu wa maana sana. Wimbo ulifika katikati, ukapita, ukaendelea. Mama akafumbua macho.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, ameinamisha sikio.

"Hii wimbo imekatwa," akasema. "Hapa Ouma alisimamisha muziki. Iko wapi?"

"Niliitoa, mama. Nilidhani ni kelele za mlevi."

"Ouma hanywi," akasema kwa upole. "Na baada ya Ouma kumaliza, Okelo alisifu mimi. Mimi nilikuwa hapo. Mbele ya ndugu zangu, kule nilizaliwa, alitaja mimi. Kuimba, hata redio inaimba. Mimi nilikuwa nataka pale anaongea na mimi."

Ndipo akanieleza ambacho mtu yeyote wa upande ule angenieleza kama ningeuliza. Kwao muziki hausikilizwi tu. Mtu akiguswa, huusimamisha, akajitaja kwa majina yake ya sifa, akawataja anaowapenda, na mwimbaji humjibu kwa kuwataja wa kwake. Wanaiita pakruok. Wimbo usiosimamishwa na mtu ni wimbo ambao haukumgusa mtu. Mimi nilikuwa nimechukua usiku mzima wa kazi safi kuutoa moyo wa kaseti na kubakiza mbavu.

"Na ile ya kwanza?"

Nikamwambia ukweli, pamoja na habari ya kwaya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima. Mama hakunigombeza. Alimimina chai, akanipa kikombe. Kisha akacheka kidogo.

"Ouma alikuwa na redio yake mbele ya bendi, inashika kila kitu. Yule mtu hawezi tupa sauti yake. Anaipenda kuliko ugali. Yuko Macalder, anachimba dhahabu."

Jumamosi sikwenda popote. Boma lile ni la Wasabato, na siku ya Sabato hakuna wa kunitafutia boti. Nilikwenda nao kanisani nikaimba nyimbo ambazo tuni zake nazijua na maneno siyajui, kazi ambayo inaonekana ndiyo kipaji changu.

Jumapili nilirudi Mbita, nikapanda gari la Sindo, na kutoka Sindo lori la mchanga likanifikisha Karungu jua likielekea kuzama. Niliuliza lilipofanyika lile onyesho. Muuza chai alinionyesha uwanja wa mchanga karibu na mizani ya samaki, akanitajia mahali aliposimama yeye, mkewe na hata mbwa wao. Kila niliyezungumza naye alikumbuka aliposimama. Kama hawa walikumbuka hivyo, Ouma angekumbuka kila neno nililomkata, nikaanza kumwogopa kabla sijamwona.

Jumatatu asubuhi nikafika Macalder. Mgodi mkubwa ulifungwa zamani, lakini watu bado wanachimba mashimo yao na kuosha udongo kwa makarai. Nilikuwa na picha kichwani ya bwana mnene mwenye kofia. Nilichoonyeshwa ni mtu mfupi, mwembamba, magoti yamejaa matope, anayeongea polepole. Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Nilikuwa nimeichukia sauti hiyo kwa miaka miwili, na sasa nilikuwa nimebeba redio njia nzima kuja kuiomba msaada.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka karai chini.

"Kwa hivyo ni wewe ulinikata."

"Ni mimi, mzee."

"Dakika ngapi?"

"Nne."

Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa habari ya msiba. Hata hivyo alinipeleka nyumbani kwake, akatoa kopo la mafuta ya kupikia, ndani yake leso, ndani ya leso kaseti. Nikaipokea kwa furaha, halafu nikaona kwa nini ananitazama vile. Mkanda ulikuwa umeliwa. Redio yake iliutafuna mwaka uliopita, na iliutafuna pale pale anapoanza kujisifu, kwa sababu kila siku alikuwa akirudisha hapo hapo na kusikiliza hapo hapo. Tangu siku hiyo hakumpa fundi yeyote aiguse. Karibu pima nzima ya mkanda ilikuwa imejikunja na kupasuka pembeni. Maneno ya Okelo yalikuwa mbele yake tu, mazima.

Nilimweleza kazi ilivyo. Mkanda uliotafunwa haunyooki. Tukiulazimisha upite, utakwama na kuchana mpaka kwa Okelo. Dawa ni wembe: kukata kipande kibovu na kuunganisha miisho kwa utepe wa gundi.

"Hiyo unataka kukata," Ouma akasema, "ndiyo nataja mimi, na baba yangu, na babu yangu. Hiyo ingine yote ni salamu tu."

"Najua, mzee. Uamuzi ni wako. Mimi sikati tena kitu bila kuuliza."

Akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni akirudi kwenye karai lake, akaosha udongo, akamwaga, akaosha mwingine. Sikumfuata. Nilikunywa uji aliouleta mkewe nikamsubiri, na nakiri niliogopa, maana kama angekataa nisingekuwa na la kumwambia mama yule. Alirudi mikono ikidondosha maji.

"Kata," akasema. "Lakini hiyo kaseti haitoki hapa bila mimi. Mambo ya mafundi nimeyaona."

Nikafungua skrubu, nikakata, nikaunganisha juu ya meza yake ya kulia chakula. Yeye alishika taa ya betri, akageuza uso. Kile kipande kibovu alikikunja akakirudisha ndani ya leso.

Jumanne tulisafiri pamoja, na nitasema kweli, sijapata mwenzangu wa safari kama Ouma. Alijua jina la kila kilima kutoka Karungu mpaka Mbita, na vilima vyote, kwa maelezo yake, vilikuwa vimemwona akifanya jambo kubwa. Saa tisa tulikuwa Takawiri. Mama Okelo alimwona akiteremka kwenye boti akasema kitu kwa Kijaluo, na Ouma akacheka kama kijana.

Tukaketi watatu. Kabla ya kubonyeza nilimweleza mama nilichokikata safari hii, na ni nani aliyekubali. Alimtazama Ouma, lakini Ouma alikuwa anatazama omena nje.

Wimbo ukaanza. Ukafika katikati, sauti ya Ouma ikaisimamisha bendi, ikasalimia watu, na pale ilipovuta pumzi kujitaja, mkanda ukaruka. Mama akanyoosha kidole akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Akasimama. Aliongea kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Mimi Nyar Karungu, nimesimamisha muziki. Huyu ni Ouma, fuko wa Macalder, anaingia chini ya ardhi masikini na kutoka tajiri. Baba yake ni Odongo, mtu wa kulisha wageni. Babu yake ni Were, aliogelea ziwa hii na mbuzi kwa mgongo. Amekata jina yake ndio yangu ipite. Na huyu ni Mwakio wa Taita. Alifuta, lakini ametembea mpaka amerudisha. Sasa wacha mtoto wangu aongee."

Ouma alikuwa ameshika leso mkononi. Mama akaketi, akabonyeza.

Okelo akacheka kwanza, kicheko kile cha puani nilichokuwa nimekisahau kabisa. Kisha akasema, na Ouma akanitafsiria kwa kunong'ona: "Mimi Okelo, mwana wa Nyar Karungu. Alinituma shule nikarudi na gitaa, na bado akanipikia. Watu wa Karungu, mlimpeana, lakini mimi ndiye nilimpata. Mama, uko wapi? Kuna watu wengi, sikuoni. Inua mkono."

Na pale chumbani, mchana kweupe, mama aliinua mkono. Aliushika juu hivyo hivyo mpaka gitaa lilipoanza tena, machozi yanatiririka na anatabasamu, na mimi na Ouma hatukujua pa kutazama.

Jumatano nilitoa nakala mbili, moja ya mama, moja yangu. Ya Ouma ikarudi ndani ya kopo alilokuja nalo. Alhamisi nilipita Homa Bay, mama wa nyumba ya wageni akaisikiliza yote kwenye kaunta akiwa na kitambaa cha kufutia meza mkononi, na Ijumaa nilikuwa Nakuru, nimechoka, nimeridhika, nanuka omena.

Siku hizi mtu akiniletea kaseti niisafishe, kabla sijagusa bisibisi namuuliza ni nani anayeongea humo. Wengine huniona nimezeeka mapema. Nakala yangu ya Karungu ina mawimbi, kikohozi cha mtu, na mshono mmoja unaosikika wazi. Baada ya Okelo kusema "inua mkono" kuna kimya kifupi kabla ya watu kushangilia. Zamani ningekikata. Sasa nakisubiri kuliko wimbo wenyewe, maana hapo ndipo alipomwona mama yake.