Taya la Mashine Lililozama Mtoni

Ipo asubuhi moja, mjukuu wangu, ambayo naiona hadi leo: Papa Bosele anaingia uani kwetu, hapa hapa mtaani Kabondo, na kapu la samaki wa moshi, macho yake yako chini.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu katika nyumba ya Papa Saidi, babu wa babako. Alikuwa fundi bati. Uhuru ulipokuja, Mzungu aliyemwajiri alirudi kwao, akamwachia mashine ya kukunja mabati. Kwa mashine hiyo yeye na mdogo wake Ramazani, tuliyemwita Tonton, yaani ami, walifungua karakana yao wenyewe. Mabeseni, masanduku ya maharusi, mifereji ya paa, vyote vilitoka pale. Tulikula vizuri, nakwambia.

Kisha uasi ukaingia mjini. Wenye bunduki walichukua walichotaka, leo hawa, kesho wale. Papa Saidi akaifungua mashine vipande vipande, akavigawa kwa watu aliowaamini. Mkono tuliufukia jikoni, miguu ikaenda kwa jirani. Taya la juu, chuma kirefu kinachobana bati lisiteleze, alilichukua Papa Bosele, mvuvi wa Yanonge, rafiki yake tangu ujana. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, na hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa jambo. Akaondoka nalo ndani ya mtumbwi, chini ya nyavu.

Mji ulipotulia, vipande vilirudi. Tukawa tunangoja taya tu. Bila taya hatukuwa na mashine.

Ndipo akaja asubuhi ile.

"Papa Saidi," akasema, "ile chuma iko ndani ya mai ya mto. Basoda na bunduki zabo balikuya kutafuta silaha. Nikaona bakiikuta, batasema ni ya silaha, batatuua na batoto. Nikaitupa. Tumeizamia mpaka tukachoka, muchanga imeikula."

Tonton Ramazani akaruka na nyundo mkononi. "Uongo! Uliuzisha! Sema, uliuzisha kwa nani?"

Wana wa Bosele, vijana wenye vifua vya kupiga makasia, walikuwa wamesimama langoni, na siku zile watu walikuwa wamezoea kuuana kwa neno dogo kuliko hilo.

Papa Saidi hakupandisha sauti. "Ramazani, weka nyundo chini. Angekuwa mwizi, angekuja hapa na miguu yake? Zaina, leta kiti. Na chai."

"Mais lakini, yaya," Tonton Ramazani akamwambia kaka yake, "tutakula nini?"

"Hiyo tutaijua. Kwanza mugeni akae."

Nilileta kiti. Papa Bosele alikaa, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipokwisha kunywa chai akasema, "Bon. Ngambo ile, kwa batu ba reli ya Ubundu, kuko vipande vya reli vya zamani. Shemeji yangu anatumika kazi kule. Nitaomba kimoja."

Akakileta mwenyewe kwa mtumbwi. Wakaanza kukisugua kwa tupa, wana wa Bosele upande huu, Tonton Ramazani upande ule, mikono ikichubuka. Mara ya kwanza tulipobana bati, lilitoka limepinda kama sikio la mbuzi. Tonton Ramazani ndiye aliyeanza kucheka, tukacheka wote. Wakasugua tena, mpaka kunjo likanyooka.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Ubundu akaona kazi ile, akauliza kama wanaweza kumtengenezea mashine nzima. Papa Saidi akatazamana na mdogo wake. Hawakuwahi kuwaza jambo kama hilo. Wakakubali. Hivyo ndivyo familia yetu ilivyotoka kwenye kukunja bati ikaingia katika kuunda mashine, na hadi sasa baba zako wadogo na wajukuu wa Bosele wanachomelea pamoja.

Sasa nisikie. Karakana itakuwa yako, na siku moja mtu atakuja kukuambia amepoteza au ameharibu. Akija mwenyewe, mpe kiti kabla hujampa maneno. Msikilize mpaka mwisho. Chuma utakipata kingine, lakini mtu mwenye ujasiri wa kukuletea habari mbaya mwenyewe, ukimfukuza, wa pili hatakuja. Watakuficha kila kitu.

Mungu akupe moto usiozimika katika karakana yako, akulinde vidole na macho, na kila anayeingia langoni mwako atoke akiwa amekula. Amina.