Jumapili ya Abdiel kule Momela

Anjela wa mtaa wa Sakina, mama yake Nice, alikuwa na wivu, wala hakujisumbua kuuficha. Aliuza mitumba kando ya barabara ya Nairobi, na kila mumewe Abdiel aliporudi safari na lori, yeye ndiye aliyepanda kwanza kwenye kichwa cha gari. Alinusa kiti cha abiria, akapekua chini ya godoro la nyuma ya usukani, ndipo amkaribishe mume chai. Mafundi wa gereji za jirani walimwita Forodha. Alijua wanavyomwita, na hakuona aibu hata chembe.

Basi mwaka 1995 Abdiel akakamatwa ugenini. Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila aliyepata lori anavusha mizigo mipakani, na Mzee Gurmeet, Singasinga mwenye yadi ya malori pale Sakina, alikuwa akiwatuma Abdiel na mwenzake Elieza nchi moja ya kusini. Safari ile wakatiwa ndani. Polisi wa huko walidai kwamba Jumapili ya tarehe 14 Mei lori lao lilionekana likipakia shaba ya wizi, Abdiel akiwa kwenye usukani. Uongo mtupu! Siku hiyo lori lilikuwa limepumzika yadini Sakina, matairi yamevuliwa. Lakini neno la mwenye lori anayetetea lori lake, nani alisikilize?

Familia zikakusanyika. Alikuwepo Kandida, mke wa Elieza, mama mpole wa Kikatoliki ambaye hata kukohoa aliomba radhi. Na alikuwepo Anjela, ambaye hakungoja kuchaguliwa. Alichukua daftari na kalamu, akajifanya katibu, barua zote zikawa zinapitia kwake. Walizunguka miezi minne, khanga sare, picha za waume kifuani: kwa mkuu wa mkoa, kwenye sharika na parokia, mpaka wizarani Dar es Salaam. Watu mia saba walitia saini. Mwandishi wa gazeti alipompiga picha Kandida peke yake, Anjela alinuna siku mbili.

Kisha wakili wa kule akaandika: kesi yote imesimama juu ya Jumapili ile. Thibitisheni dereva alikuwa wapi, wote wawili watatoka. Abdiel mwenyewe alikuwa ameapa mbele ya polisi kwamba alikuwa Machame kwa mama yake. Ndivyo alivyomuaga mkewe pia. Anjela akapanda basi mpaka Machame kuchukua ushahidi. Mama mkwe, mwanamke asiyejua kusema uongo hata kwa faida yake, akamtazama akasema, "Mwanangu, Abdiel sijamwona tangu Krismasi."

Loo! Hapo Anjela alisahau jela, akasahau na wakili. Alirudi Sakina na swali moja tu: alikuwa wapi? Hebu fikiria mwanamume yuko nyuma ya nondo, anakula uji wa mchanga, na bado anaona afadhali aoze huko kuliko mkewe ajue alikolala! Swali hilo lilimkaba siku kumi. Alimfungia mteja suruali ya mtoto akidhani ni kanzu, akamtukana na mteja.

Jibu lilikuja lenyewe kwa miguu, siku ya Jumatatu, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo dada," alisema yule mwanamke. "Naitwa Namnyaki. Natoka Momela, nauza maziwa."

Anjela hakuitikia. Alikuwa akimtazama mtoto. Paji la uso lile, na yale masikio yaliyosimama, alikuwa akilala nayo kitanda kimoja mwaka wa kumi na moja sasa.

Namnyaki alitoa barua yenye mhuri wa usharika wa Momela. Anjela akaisoma akiwa wima. Walutheri wa huku wana utaratibu wao: aliyezaa nje ya ndoa hashiriki meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya usharika mzima, atubu, arudishwe kundini, ndipo mtoto abatizwe. Wanaume wengi hujificha, mama akasimama peke yake na aibu yake. Mchungaji aliandika kwamba Jumapili ya tarehe 14 Mei, Abdiel alisimama kando ya Namnyaki mbele ya watu mia mbili, akakiri kuwa mtoto ni wake, akasema kwa sauti, "Huyu mama nimemkosea. Naomba anisamehe." Akatia saini kwenye kitabu cha kanisa, na tarehe. Aliagizwa aende akaungame na kwa mkewe. Aliahidi, akapanda lori, akakamatwa.

Anjela aliirudia ile mistari miwili. Mtoto hakumshtua sana. Vitu kama hivyo alikuwa akivitafuta chini ya godoro miaka yote. Kilichomchoma roho ni lile neno. Nisamehe! Abdiel yule, ambaye akikosa nyumbani huleta kilo ya nyama na kuiweka mezani bila kusema kitu! Miaka kumi na moja Anjela amekula nyama ya msamaha, na mwenzake wa Momela kapewa neno zima mbele ya watu mia mbili.

"Dada, tumesoma gazetini kuwa kesi ni Alhamisi, na kwamba inabishaniwa Jumapili ile," Namnyaki alisema taratibu. "Barua wewe ndiye unayezituma, ndiyo maana nimekuletea. Lakini usipoituma kesho, nitakwenda kwa Mzee Gurmeet mwenyewe."

"Nenda zako," Anjela alimjibu. Barua akaisukumia chini ya marobota ya mitumba.

Jumanne alikaa kwenye kiti chake na hakuuza hata soksi. Na aoze, alijiambia. Akaombe radhi kwa sauti huko huko. Saa nne Kandida alipita na maparachichi, akakaa, akaeleza kwamba Elieza kaandika kifua kinamuua, anatema damu. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Afadhali wewe, Mama Nice," alisema. "Wako angalau ana afya. Tena hana siri."

Anjela aliona haya, hilo lazima lisemwe. Lakini mtu akisema ni huruma iliyomwinua kwenye kile kiti, thubutu! Kilichomwinua ni picha iliyomjia ghafla: Abdiel anashuka, anauliza nani kamtoa, na watu wanamwonyesha kidole Namnyaki. Yule muuza maziwa! Amezaa naye, ameombwa msamaha, na sasa amwokoe pia? Labda yeye Anjela awe amekufa. Akavuta barua toka chini ya robota, akamshika Kandida mkono, wakaenda moja kwa moja yadini kwenye mashine ya faksi.

Hakukubali mtu mwingine aisome. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya Kandida na Mzee Gurmeet, mpaka mwisho, pamoja na lile neno. Kandida alijiziba mdomo. Mzee Gurmeet aliwasha mashine ya faksi.

"Tuma," Anjela alisema. "Na uandike hapo juu kwamba imetumwa na mke wake wa ndoa."

Kesi ikafutwa, na siku ya kumi na nane baada ya faksi ile lori liliingia Sakina, wote wawili ndani. Kwaya ilikuwepo, mafundi walikuwepo na mashine zao zikiunguruma, na Kandida alimrukia Elieza wake bila hata kuomba radhi. Namnyaki alisimama mbali, getini, na mtoto wake. Abdiel alishuka amekonda, shati linampwaya. Akamwona wa getini, akamwona na wa mbele yake, akaelewa kwamba yote yanajulikana. Akainama kwenye sikio la mkewe, akanong'ona, "Mama Nice, nisamehe."

Anjela alirudi nyuma hatua moja.

"Sikusikii, Baba Nice. Sema kama ulivyosema Momela."

Mafundi wakazima mashine zao za kuchomelea, mmoja baada ya mwingine, na kwaya ikanyamaza.