Ruhusa ya Kutotoka Jasho

Katika mkoba wangu wa kazi nabeba kichwa cha mtoto wa Ulaya. Ni cha alumini, hakina macho wala pua, na kina mpini wa kushikia. Kazi yangu ni kukisukuma kwenye kila uwazi wa bembea, ngazi na uzio wa viwanja vya watoto vinavyotengenezwa viwandani nje kidogo ya Guangzhou, China. Kichwa kikinasa, naukataa mzigo. Nina kidole pia, cha kupima matundu. Wateja wangu ni halmashauri za miji ya Ulaya, na mimi ni jicho lao huku: nasoma kanuni zao mstari kwa mstari, napima, naandika ripoti, kontena linaondoka.

Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi yetu ya nyumba hapa mtaa wa Xiaobei. Insha ninazoandika kwenye gazeti la nyumbani hazilipi hata chai. Shahada yangu ni ya falsafa ya elimu. Pale chuo kikuu nilitetea kwa kurasa tisini hoja kwamba mtoto ni mtu kamili, na nikapewa alama nzuri. Nalitaja hilo mapema ili baadaye msiniulize kama sikusoma.

Binti yetu ana miaka kumi na moja. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu yake haifanyi kazi, na tangu akiwa na miaka minne anajisukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Sipambi maneno: tumeshindana mieleka ya mikono juu ya meza ya kulia, mama yake akiwa refa, na nimelazwa mara tatu. Wauza simu wa mtaa wa Dengfeng wanampisha haraka akipita, na si kwa huruma. Ameshawakanyaga vidole.

Kinachonichefua ni sifa ninazopewa mimi. Ndani ya lifti ya jengo letu kuna mama mmoja Mkongo, mfanyabiashara wa nguo anayenunua mizigo soko la Shahe, mcha Mungu, mtu mwema kabisa. Kila tukikutana ananishika bega.

"Papa, courage. Weye ni baba wa kweli. Mutoto huyu, Mungu atamusimamisha."

"Mama," binti yangu alimjibu siku moja, "niombee lifti isiharibike. Kusimama tutaongea baadaye."

Mama akacheka hadi machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa bado naonja utamu wa kuitwa baba wa kweli. Mtu akisifiwa kwa kumpeleka mwanawe shule, jambo ambalo kila baba anapaswa kulifanya, ajue kuna dharau imefichwa mahali. Nami niliila dharau hiyo miaka mingi nikidhani ni keki.

Jumamosi moja ya Oktoba mke wangu alikuwa na wateja wengi kwenye mgahawa wake, basi nikaenda kiwandani na binti yetu. Siku hiyo nilikuwa nakagua bembea ya kuzunguka: duara pana kama chumba kidogo, limelala sawasawa na ardhi, ili kiti cha magurudumu kiingie bila kubebwa, kijifunge, na mtoto azungushwe pamoja na wenzake waliosimama. Mji mmoja wa kaskazini mwa Ulaya uliagiza sita. Nyaraka zao nilikuwa nazo mkononi. Zilisema kila mtoto anahitaji kutoka jasho kila siku, kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kucheza na wenzake shuleni na nje ya shule, na kwamba akikua aamue mwenyewe ataishi wapi na nani. Maneno mazuri, na si yao peke yao. Mkataba wa dunia unaobeba haki hizo Ulaya wameutia saini, China wameutia saini, na Tanzania pia tumeutia saini. Wino ni rahisi.

Mteja alikuwa amekuja mwenyewe kuona sampuli, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe. Binti yangu akaingia kwenye duara, kiti kikajifunga, mafundi wakazungusha. Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia ndani ya nyumba yetu.

"Anaipenda?" mzee akaniuliza mimi, mtoto akiwa hatua tatu kutoka kwake.

"Sana."

"Naweza kumpiga picha, kwa ajili ya ripoti yetu?"

"Piga."

Binti akafunika uso kwa mikono miwili. Duara liliposimama alinitazama.

"Hajaniuliza," akasema kwa Kiswahili.

"Ameniuliza mimi, mama."

"Kwani wewe ndiye uliyekuwa kwenye bembea?"

Wakati wa chakula mzee akaniambia, bila mimi kumchokoza, kwamba ana dada yake anayetumia kiti kama hicho. Anaishi kwenye makazi ya serikali. Analazwa saa moja jioni, hata kiangazi jua likiwa bado kali dirishani, kwa sababu zamu ya wahudumu inaisha. "Kwenye makaratasi yetu," akasema, "dada yangu yuko huru." Kisha akaomba pilipili. Nilimkasirikia. Nikajiambia, tazama watu hawa, wanaandika haki za watoto wa mji mzima na dada zao wanalazwa kama kuku. Hasira ya aina hiyo ni tamu, maana inamhusu mtu mwingine.

Tulipotoka, mafundi walikuwa wanaizungushia bembea nailoni.

"Inakwenda wapi?" binti akauliza.

"Ulaya."

"Huku haiwezi kubaki hata moja?"

"Zimeshanunuliwa zote."

"Mei you," akasema, kwa sauti ileile ya wauzaji wa Shahe wanapokuambia hakuna, usinisumbue.

Jumatatu alirudi shule na jambo. Siku ya michezo ilikuwa imekaribia, na shindano kubwa la siku hiyo ni mbio za kupokezana vijiti za darasa zima. Wanafunzi ni arobaini: ishirini husimama upande huu, ishirini upande ule, kijiti kinakwenda na kurudi mpaka wote wakimbie. Wote maana yake thelathini na tisa. Mvulana mwenye mbio kuliko wenzake hukimbia mara mbili, moja yake na moja ya binti yangu. Binti mwenyewe huwekwa kivulini kulinda majaketi na chupa za maji. Mwaka huu ungekuwa wa tatu.

"Nimechoka kulinda majaketi," akasema. "Nenda ukaseme, baba. Wewe si unazijua sheria?"

Nilizijua! Niliketi nikaandika barua ya kurasa nne kwa Kiingereza. Niliweka mkataba, niliweka kanuni za Ulaya ambazo hazina uzito wowote katika shule ya Guangzhou, niliweka na falsafa kidogo. Mke wangu akaisoma huku akikatakata vitunguu.

"Hii ni barua au hukumu?"

"Ni hoja."

"Mwalimu wake anafundisha hesabu, mwenzangu. Mwambie mtoto anataka kukimbia, basi."

Shule ni ya binafsi, inapokea watoto wa wageni lakini inafundisha kwa Kichina. Kichina changu ni cha viwandani: bei, tarehe, na "hii mbovu, rudia." Kwa hiyo mkalimani wangu alikuwa binti mwenyewe, ameketi kati yangu na mwalimu wake, mwanamke kijana mwenye adabu na uchovu mwingi machoni. Nilianza kwa sauti ya mahakamani. Niligundua kwamba sentensi zangu za dakika mbili zilikuwa zinatoka kinywani mwa mtoto zikiwa na maneno manne.

"Unamwambia yote?"

"Namwambia yanayomhusu."

Mwalimu alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi tatu, akazipanga mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayekukabidhi kitu cha thamani.

"Anasema hizi ni zako," binti akasema.

"Zinasemaje?"

Alisoma kwanza kimya, kidole kikitembea chini ya mistari. Niliona kidole kinasimama. Halafu akasoma kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosoma kazi ya darasani.

"Mimi, mzazi wa mwanafunzi huyu, naomba kwa hiari yangu mtoto wangu asamehewe vipindi vyote vya mazoezi ya mwili, na mashindano yote ya shule, kwa sababu ya hali yake. Nimesoma na nimeelewa." Kidole kikashuka chini. "Halafu hapa ni saini yako. Na hapa. Na hapa."

Ilikuwa saini yangu kweli, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaouvuta kwa maringo tangu chuoni. Kila Septemba shule huleta nyumbani bahasha ya fomu: chakula, bima, basi, chanjo. Mimi, mtu ninayekataa kontena zima kwa sababu ya tundu linaloweza kubana kidole cha mtoto nisiyemjua, nilizitia saini zote nikiwa nimesimama mlangoni, kalamu mdomoni, teksi ikinisubiri chini.

"Anauliza," binti akasema, akiangalia meza, "kwani hukutaka?"

Hasira zangu nilizozibeba kutoka nyumbani zilikosa pa kukaa. Nazihesabia haki hata leo. Fomu ile ilikuja imeshachapwa, imeshajazwa jina la mtoto, imechomekwa kati ya chakula na bima kana kwamba kutocheza ni huduma nyingine ya shule. Hakuna aliyemwita mzazi akamwuliza. Hakuna aliyemwuliza mtoto. Nani alikaa ofisini akaamua kwamba mtoto wa kiti anahitaji kusamehewa, na amekosa nini? Mwalimu akasema, kupitia kinywa cha mwanangu, kwamba yeye alidhani sisi wazazi tunaogopa, na shule haiwezi kumlazimisha mtoto ambaye baba yake ameomba. Barua yangu ya kurasa nne ilibaki mfukoni.

Njiani binti alijisukuma mbele yangu kwa kasi mpaka taa za barabarani zikamzuia.

"Ulisoma?" akauliza bila kugeuka.

"Sikusoma."

"Wewe unasoma kila kitu. Unasoma hadi maandishi ya nyuma ya paketi ya chumvi."

"Nilidhani ni fomu za kawaida tu."

"Nilikuwa namchukia mwalimu," akasema. "Miaka miwili nimemchukia mwalimu." Taa ikabadilika, hakusogea. Watu wakatupita. "Kuanzia leo karatasi yoyote inayonihusu naisoma mimi kwanza. Halafu nakuambia kama utie saini."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa kama unavyosema kwa wateja."

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi palepale. Nilimwomba siku mbili baadaye, jikoni, baada ya mama yake kunisema maneno ambayo sitayaandika. Mtoto alinisikiliza, akasema "haya," akaendelea kula.

Barua ya kufuta ruhusa aliiandika yeye, kwa Kichina, mistari sita. Akanisomea kwa Kiswahili mara mbili, nikatia saini bila mkia. Mwalimu akatuita, akatupa jibu la shule kwamba hawapingi, ila uwanja uko chini na kuna ngazi tatu za saruji, na akianguka nani atawajibika? Niliuliza: wale thelathini na tisa wakianguka, huwajibika nani? Binti alilitafsiri hilo neno kwa neno, tena kwa furaha. Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema hakuna fedha za kurekebisha hizo ngazi mwaka huu.

Mafundi wa kufunga mizigo wanaokula kwa mke wangu walitupa mbao za makreti. Nilipima mteremko kwa kanuni za Ulaya, hatimaye zikapata kazi. Tuliunda njia ya mbao yenye urefu wa vitanda vitatu, ikiwa na alama za mshale wa "juu" na ile picha ya glasi inayovunjika. Asubuhi ya michezo tuliilaza juu ya ngazi zile. Kazi ya saa moja. Miaka miwili mtoto amekaa kivulini kwa ajili ya kazi ya saa moja, na ninapoandika haya meno yananiuma kwa kuyasaga.

Alikuwa wa thelathini na moja kukimbia. Darasa lao lilikuwa linaongoza. Kijiti kilipomfikia alikuwa ameinua mkono anampungia mama yake, akakipokea kwa kubabaika, akakibana kwa meno, akaanza kusukuma. Alikwenda vizuri. Lakini darasa moja likampita, kisha jingine, na mwisho wakawa wa tatu kati ya madarasa manne. Kutoka tulipokaa nilimwona yule mvulana mwenye mbio akimjia, uso mwekundu, akimfokea mbele ya watu wote. Niliinuka. Mke wangu akanidaka shati.

"Kaa chini."

"Anamtukana!"

"Nimesema kaa. Hajakuita."

Binti yangu alikuwa anamjibu mvulana yule kwa sauti kubwa zaidi, mkono mmoja ukimwelekezea kijiti. Baadaye alikuja kwetu, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, akanywa chupa nzima ya maji.

"Alikuwa anasemaje yule?" nikauliza.

"Amesema tumeshindwa kwa sababu yangu. Nilikuwa napunga mkono badala ya kuangalia kijiti."

"Nitamwona mwalimu."

"Baba, ni kweli nilikuwa napunga." Akajifuta shingo. "Nimemwambia na yeye mwaka jana alikiangusha. Kesho tunafanya mazoezi."

Nyuma yake, kivulini, majaketi arobaini yalikuwa yamelundikana kwenye nyasi. Hakuna aliyeyalinda, na hakuna hata moja lililopotea.