Dawa ya Mikorosho Mgongoni mwa Paka

Leo nimemwosha paka wa binti yangu kwa sabuni ya mche, na harufu yake ikanirudisha utotoni kwa bibi, kule Kibiti.

Viroboto walikuwa wametushinda. Nikachukua ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, nikampaka paka wetu mpaka mgongo ukawa wa njano. Bibi aliporudi kutoka kisimani alinikuta najisifu.

"Paka hujilamba, mjukuu wangu," alisema polepole. "Hapo umemlisha sumu."

Hakunipiga. Alimviringisha paka kwenye kanga kuukuu, tukamwosha kwa sabuni maji matatu, kisha akamchana kwa kitana cha meno ya karibukaribu, kila kiroboto akimtumbukiza kwenye kopo la povu. Mikeka tuliianika juani, sakafu ya udongo tukaifagia hadi pembeni. Mimi nililia tu, nikimchungulia paka kama atatapika.

Alfajiri paka alinipanda kifuani, akikoroma. Bibi, aliyekuwa kwenye mswala, alitoa salamu ya kumaliza swala, akanigeukia.

"Yu mzima?"

"Mzima, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema. Ndipo akanizaba lile kofi alilolizuia tangu jana yake.