Nilimfundisha Sajini Anisikie Mimi Peke Yangu

Mimi ndiye niliyemuua Sajini. Sindano aliishika mganga wa mifugo, lakini aliyemuua ni mimi. Na nyonga ya mama mzee wa watu, ile iliyovunjika kwenye ngazi za baraza, niliivunja mimi pia, nikiwa mbali, nimevaa kitenge kipya, nimesimama mlangoni mwa kanisa!

Hakuna aliyenipeleka polisi. Hapa Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, majirani wananionea huruma. Wanasema, "Masikini, mbwa wa tajiri amekufa, na yeye kazi ikaisha." Mimi nanyamaza, napokea huruma ambayo si yangu. Imenishinda. Leo naisema yote, mnihukumu mnavyotaka.

Mimi ni Mfuliiru wa Kivu Kusini. Mume wangu alikufa kwenye vita vya kwetu. Watoto niliwaacha hapa kambini kwa dada yangu, nikaenda Mbarara kutafuta kazi za nyumba. Nikapata kwa afande mmoja, kepteni wa jeshi, nyumba yake haiko mbali na kambi ya askari wao. Mke wake tulimwita Madamu. Ni Mnyankore, mwenyeji wa hukohuko, mpole, na alikuwa akiogopa mbwa tangu utoto wake.

Afande ndiye aliyemleta Sajini, akiwa bado mdogo wa kubebwa kwapani. Mbwa wa boksa, wale wa pua fupi na kifua kipana, uso wote makunyanzi. Alimpa jina hilo kwa sababu ya vile alivyokunja uso, eti anafanana na sajini anayekagua gwaride. Tulicheka sana siku hiyo!

"Nani hapa anajua mbwa?" afande akauliza.

Nikasema mimi. Wala sikudanganya. Baba yangu alikuwa mwindaji huko kwetu milimani, na mbwa wake nilikuwa nawalisha mimi.

Basi nikamlea. Nilimpikia posho, yaani ugali, na dagaa, nikamwongezea mifupa ya supu. Kila asubuhi nilimfuta yale makunyanzi kwa kitambaa chenye maji, maana ukiacha uchafu mule ndani ngozi inaoza. Nilimtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole. Nilimtembeza kabla jua halijakuwa kali, kwa sababu mbwa wa pua fupi akipata joto anahema mpaka unafikiri anakufa. Baridi ya Mbarara ikiingia nilimtandikia magunia, manyoya yake ni mafupi, alikuwa anatetemeka.

Na nilimfundisha. Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Mwanzo haikuwa ubaya. Nilisema naye Kifuliiru kwa sababu ndiyo lugha niliyosikia baba akisema na mbwa. Keti, lala, ngoja, shuka, yote kwa Kifuliiru. Alishika haraka, jamani! Boksa ni mbwa wa furaha. Akimwona mtu anataka kumrukia kifuani na miguu ya mbele, amlambe uso. Hiyo tabia niliimaliza. Akitaka kuruka namgeuzia mgongo, nasema neno langu, anashusha miguu, anakaa, ndipo nampa nyama. Neno moja tu lilimtosha.

Kisha afande akapangiwa kazi mbali, nje ya nchi. Kabla ya kuondoka aliniita uani.

"Mama, sikia. Mimi nakwenda. Hii mbwa fundisha yeye kusikia Madamu. Kiswahili, Kizungu, lugha yoyote, lakini Madamu asikiwe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Nilikuwa na nia ya kufanya hivyo. Lakini wiki ileile nikamsikia Madamu kwenye simu na ndugu yake wa Kaberebere. Nilikuwa naanika nguo, dirisha liko wazi. Anasema kuna msichana wa ukoo wao amemaliza shule, amekaa bure, labda aje amsaidie kazi. Halafu akasema, "Huyu Mkongomani tumemhitaji sana kwa ajili ya mbwa. Mbwa akikua, tutaona."

Tutaona! Niliwaona watoto wangu wamerudi kungoja mahindi ya msaada. Niliwaona dada yangu na mumewe wamewachoka. Nikasema moyoni, kumbe kinachonishikilia fasi hii ya kazi ni Sajini. Basi na Sajini asimsikie mtu mwingine!

Madamu alijitahidi, Mungu ni shahidi. Pamoja na woga wake alisimama uani na vipande vya nyama kwenye kisahani, anasema, "Keti! Sajini, keti!" Mimi nafanya nini? Kabla hajatoka ndani, nilikuwa nimemshibisha mbwa mpaka tumbo limejaa. Mbwa aliyeshiba ananusa nyama yako na kuondoka. Siku alipoanza kumsikia kidogo, nilikohoa kule jikoni, Sajini akamwacha na nyama yake, akanikimbilia.

"Kwa nini hanisikii, mama?" aliniuliza siku moja, machozi yako karibu.

"Madamu, hii aina ya mbwa iko na kichwa nguvu. Haisikii mtu."

"Lakini wewe anakusikia."

"Mimi namshika kwa nguvu tu."

Akaniamini! Alinipa hata sweta lake, akasema nifanye polepole nisiumie mgongo na hilo jibwa. Nililivaa hilo sweta bila haya.

Ikafika Jumapili moja. Niliomba ruhusa nije Nakivale, kanisani kwetu walikuwa wanabatiza na mtoto wangu wa pili alikuwamo. Madamu alinipa ruhusa, akaniongezea na sukari ya watoto. Niliondoka mapema, Sajini nimemwacha kwenye banda lake.

Ibada ilikuwa haijaanza simu ikalia. Tuko mlangoni, watu wanasalimiana, kwaya inapanga mistari. Nikapokea.

"Mama, Kaaka amekuja!" Kaaka ni mama mzazi wa afande, mzee anayekaa kijijini Masha, wanamwita hivyo kwa maana ya bibi. "Ameshuka na ndizi zake, yuko karibu na geti. Na Sajini nilimfungulia banda nimpe maji, amekataa kurudi. Anaruka ruka tu. Nimwambie nini? Wewe unamwambiaga nini?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Silabi chache tu! Ningelisema mara moja, yeye alirudie, mbwa angekaa chini. Hata ningemwambia aweke simu sauti ya juu, nimwambie mbwa mwenyewe!

Lakini nikafikiri: nikilitoa leo, kesho ataniuliza kwa nini nilimficha siku zote.

Nikasema, "Hasikii, Madamu. Vuta tu mkanda wa shingo."

"Nivute?"

"Vuta kwa nguvu."

Nikakata simu, nikaingia kanisani. Nikaimba! Mwanangu akabatizwa, nikapiga vigelegele kushinda mama wote!

Yaliyotokea nilisimuliwa. Madamu alivuta mkanda. Sajini akafikiri ni mchezo, akamburuta mpaka akaanguka kwa magoti. Kaaka naye alikuwa ameshaingia kwa mlango mdogo wa geti, amefika kwenye ngazi. Madamu alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kizungu, kwa Kinyankore. Mbwa hakuelewa hata moja. Alimrukia mzee kifuani kwa furaha, mkia unacheza, anataka kumlamba. Hakumng'ata! Hakumkwaruza hata! Lakini mzee alianguka kinyumenyume kwenye saruji, nyonga ikavunjika.

Walipomkimbilia walimkuta Sajini amelala kando ya Kaaka, anamlamba mkono.

Afande alikuja kwa ruhusa ya dharura. Alitoka hospitali moja kwa moja hadi uani, hata buti hakuvua.

"Hii mbwa iishe," akasema.

Madamu akamsihi. Ndiyo, yuleyule aliyemwogopa! Akasema labda wapate mtu wa kumchukua, mwenye shamba kubwa, mbwa bado kijana.

"Nani atachukua mbwa ambayo haisikii mtu?" Afande akanigeukia. "Wewe mama unaijua. Sema ukweli. Inaweza kufundishwa?"

Niliangalia chini. Ningesema ndiyo, angeuliza, basi wewe ulikuwa unafanya nini muda wote huu?

"Hapana, afande," nikasema. "Haiwezekani."

Mganga wa mifugo alikuja kesho yake mchana na mkoba wake. Sajini alimfurahia! Akamzunguka, akamletea kiatu kibovu wacheze. Yule bwana alijaribu kumshika, akashindwa. Askari aliyekuja na afande akajaribu, akashindwa. Uani kukawa vumbi tupu, na mbwa anaona ni sikukuu.

"Mama, kuja ushike!" afande akaniita.

Nilitaka kukimbia. Lakini niliitwa, nikaenda. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikasema neno la baba yangu, taratibu. Sajini akaacha kiatu. Akaja, akakaa mbele yangu, ameninyooshea kifua. Nikasema neno la pili. Akalala, kidevu juu ya mguu wangu. Nikasema la tatu, ngoja. Akangoja.

Mganga alitafuta mshipa bila shida yoyote. Sajini aliniangalia mpaka macho yakabadilika. Nilikuwa bado namsubiri ahame kwenye mguu wangu.

Kisha nikasikia sauti ya Madamu kutoka barazani.

"Kumbe anasikia."

Ni hayo tu. Afande alinitazama, akamtazama mkewe, akaingia ndani.

Jioni Madamu alinifuata nikiwa nakunja nguo zangu. Hakuna aliyeniambia niondoke, nilijua mwenyewe. Alisimama mlangoni.

"Siku ile nilipokupigia, hilo neno ulikuwa nalo?"

Nilikuwa nimechoka na uongo. "Nilikuwa nalo, Madamu."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane! Aligeuka, akaenda kumpikia Kaaka uji wa kupeleka hospitali. Sweta nililiacha juu ya kitanda.

Nasikia mzee anatembea na magongo sasa, na mashamba yake ya ndizi kule Masha anayaona kwa mbali tu, akiwa ameketi. Nilitaka kwenda kumwomba msamaha. Nilifika hadi Isingiro njiani, nikarudi. Ningemwambia nini?

Na yule msichana wa Kaberebere? Hakwenda kamwe. Alipata kazi dukani kwa watu wengine. Wala Madamu hakuwa na mpango wa kunifukuza, alikuwa amemwambia afande nibaki hata mbwa akikua. Hilo nililijua baadaye, kwa mama anayewauzia maziwa. Mungu wangu!

Ndugu yangu unayelea mbwa wa mtu, au mtoto wa mtu, au mgonjwa wa mtu, nisikilize mimi niliyeungua. Ulichokijua wafundishe wenyewe, mchana, mbele ya macho yao. Wape maneno yote. Ukimwona mwenye mbwa anaogopa, mshike mkono, umwekee kamba kwenye vidole vyake. Usimfiche mtu neno linaloweza kumwokoa ili wewe ubaki na sahani ya chakula.

Kama watakufukuza, wakufukuze! Mimi kazi niliilinda kwa hila zote, na imekwenda. Siku moja ingekwenda tu. Ingekwenda Sajini akiwa hai, na Kaaka akiwa anatembea bila magongo.