Kofia Miguuni pa Mzee Sadalla

Mtaani kwetu Mchafukoge inasimuliwa kwamba shemeji yangu Abdulmalik aliwapigia magoti watu waliokuja kumposa binti yangu. Ni uongo. Hakupiga magoti. Alichofanya ni kibaya zaidi, na kwa kuwa jina la marehemu mume wangu, Ismail, limeburutwa kwenye vibaraza, ni afadhali nieleze mwenyewe. Mimi nimesoma Chuo Kikuu, Mlimani. Habari najua kuipanga.

Abdulmalik ni mdogo wake Ismail. Ana duka la vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo, duka jembamba kama mlango wake, ambalo lingekwishanenepa siku nyingi kama mwenyewe angekuwa analifungua. Lakini tangu utotoni ana maradhi yake: picha. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alinieleza kwamba mtoto huyo alikuwa akiaga anakwenda madrasa, juzuu kwapani. Akifika kwa jirani anaiacha juzuu dirishani, huyoo sinema. Jioni anarudi macho mekundu kwa kulia. Mama anadhani mwalimu kampiga, anajifunga kanga kwenda kumgombeza mwalimu. Mwalimu anashangaa: "Mwanao yupi, bibi? Mimi sina mwanafunzi huyo."

Sinema za mjini zikafungwa moja moja, naye akahamia kwenye mikanda ya video. Ya Kihindi, ya ngumi, ya Kizungu. Hakuuona mkanda akaupita. Vijana wa Kariakoo wanaowajazia watu muvi kwenye flashi humtania akipita: "Mzee Mikanda, leta flashi tukutilie zote, uziweke mfukoni!" Naye huwajibu, "Kitu kinachokaa mfukoni si picha, ni peremende." Mkewe alivumilia, akavumilia, mwisho akamwambia achague, yeye au deki. Bwana akamwomba asubiri kwanza mkanda uishe. Mke hakusubiri. Tangu hapo shemeji anakaa kwetu, yeye pamoja na kreti zake za soda zilizojaa mikanda badala ya soda.

Ndipo ikaja posa. Binti yangu Amira anasomea ufamasia na alikuwa amebakiza mwaka. Waliomtaka ni watu wa Mzee Sadalla, ukoo wenye jina katika mji huu, wakimposea mjukuu wao Hafidhi. Kijana sikuwa na neno naye. Shaka yangu ilikuwa sharti moja tu: Amira amalize masomo kwanza, ndoa baadaye. Sharti kama hilo husemwa siku ya posa. Likisahaulika, ukilileta baadaye unaitwa kigeugeu. Na baba wa binti akiwa kaburini, wa kulisema ni baba mdogo, yaani Abdulmalik. Fikiria.

"Shemeji," nilimwambia, "una sentensi moja tu. Hebu niisikie."

"Binti amalize masomo kwanza."

"Tena."

"Shemeji, mimi nimehifadhi mikanda mizima na nyimbo zake, nitashindwa na sentensi?"

"Na kreti ziondoke sebuleni."

"Zimeshaondoka hizo."

Zilivyoondoka ndiyo hivi: alizipanga ukutani, akalaza godoro juu yake, akatandika msutu wangu mzuri, akaniita nione. "Kochi la Kiarabu," akasema. Wageni walikuwa wanapanda ngazi. Sikuwa na la kufanya ila kuingia ndani.

Tukakaa nyuma ya pazia, mimi, Amira na wifi yangu Maimuna. Mshenga alisema vizuri, kwa adabu, mpaka moyo wangu ukatulia. Zamu ikafika ya Abdulmalik. Akatazama dari. Nilidhani anaikumbuka sentensi. Kumbe macho yanamlengalenga. Akasimama, akavua kofia, kofia ya viua ya marehemu Ismail niliyomwazima ili angalau kichwa kionekane cha mtu mzima, akainama na kuiweka miguuni pa Mzee Sadalla.

"Izzat yangu, heshima yangu," akasema kwa sauti nzito iliyotoka tumboni, "naiweka miguuni pako. Huyu ni yatima. Usimwache mlangoni na hina mikononi."

"Yarabi," Maimuna akaninong'oneza, "kaka kachanganyikiwa?"

"Wala, shangazi," akasema Amira, kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Hiyo ni picha. Baba wa bibi harusi huwa anaweka kilemba."

Nimekuja kuelezwa kwamba katika picha za Kihindi, baba fukara huweka kilemba chake miguuni pa baba wa bwana harusi, ili asije akaondoka na mwanawe katikati ya harusi. Haya. Lakini kwetu nani alikuwa anaondoka? Wao ndio waliokuja kuomba! Tangu lini anayeombwa akambembeleza mwombaji? Mshenga akakohoa, akauliza polepole swali ambalo nitalisikia mpaka kaburini:

"Kwani, bwana, binti ana nini?"

Mzee Sadalla alikuwa ameikazia macho ile kofia. Akajisogeza, na chini yake kochi la Kiarabu likaalika, ka, ka, ka. Akainama, akaiokota kofia, akaipangusa kwa kiganja, akamvika Abdulmalik.

"Wewe ulikuwa ukikaa viti vya wapi?" akamuuliza.

"Vya mbele, mzee. Pua kwenye skrini."

"Mimi juu, roshani. Nyinyi wa chini mlikuwa mkipiga miluzi, nyimbo zote hatukuzisikia!"

"Na nyinyi mlikuwa mkitumwagia maganda ya karanga!"

Wakakumbatiana. Wazee wawili wenye mvi, wanalia kama wamefiwa. Nami ndiye niliyewatangazia watu wote kwamba tunaoana na ukoo wa heshima.

"Na hiki nilichokalia ni nini?" akauliza Mzee Sadalla. Abdulmalik akafunua msutu wangu mbele ya wageni, bila haya, akaanza kumtolea mkanda mmoja mmoja. Mshenga, mtu mjanja, akaona mlango uko wazi.

"Basi tuseme Mfungo Sita huu, ndoa?"

"Tuseme!" akajibu Abdulmalik, mkanda mkononi. "Hata kesho!"

Ikawa ndiyo mauti ya sentensi yangu. Nikamtazama Amira. Kicheko kilikuwa kimemkauka, mtandio umemwanguka. "Mama," alisema, basi.

Katika nyumba yetu mwanamke hasemi nyuma ya pazia siku ya posa. Mama mkwe hakusema, mama yake hakusema.

"Shemeji!" nikaita. "Masomo!"

Nikaendelea, kwa kuwa aibu ikishamwagika haizoleki: "Binti amalize masomo kwanza. Mwaka mmoja. Ndoa baadaye."

Mshenga aliinamisha uso, ananionea haya. Lakini Mzee Sadalla aliinua kidole kama mtu anayesikiliza wimbo aliokuwa akiungoja.

"Mmeona?" akasema. "Hata mama mtu anasema nyuma ya pazia, pale pale panapotakiwa. Nani atamkatalia? Mwaka na uwe mwaka."

Nilipata nilichokitaka kwa kudhaniwa mcheza picha.

Sasa Mzee Sadalla anakuja kila Ijumaa baada ya sala, kuulizia maendeleo ya masomo, anavyosema. Saa hiyo Amira yuko chuoni, na mzee anajua. Nimemwekea kiti cha marehemu. Anakipita, anakwenda kukaa juu ya kreti, Abdulmalik anawasha deki, mimi napeleka kahawa. Huko chini wanaendelea kusema kulipigwa magoti. Hayakupigwa. Na kama bado yupo anayeuliza binti ana nini, ajibiwe: binti ana mtihani mwezi ujao.